Ndani ya Velisa, Mlimani Gatsata

Eustadia hakuwahi kulipenda lile gari, ila hakuwahi kulisema hilo kwa sauti, kwa sababu mumewe ndiye aliyekuwa akilisifia mji mzima.

Velisa zilikuwa zimejaa Kigali ghafla, kama uyoga baada ya mvua. Magari ya umeme, madogo kiasi, meupe karibu yote, yasiyo na mlio wala moshi, yenye paa la kioo lililowafanya watoto walale chali kwenye viti wakihesabu mawingu. Madaktari walikuwa nayo, mapadri walikuwa nayo. Silvère, mume wa Eustadia, alikuwa mkuu wa huduma kwa wateja katika kampuni iliyoyaleta nchini, na siku alipomletea mkewe la kwake alizunguka nalo mtaa mzima wa Busanza kabla ya kuliingiza uani. Eustadia alishukuru, akapiga picha, akazituma kwao Bukoba. Kilichomkera hakikuwa jambo la kumlalamikia mtu: milango ya Velisa haikuwa na vishikio. Ulibonyeza kitufe, mlango ukajifungua. Ulibonyeza kingine, ukajifunga. Kila mara alipoketi na kusikia ule mlio mdogo wa kufunga, alijiona kama mgeni katika nyumba ya watu, asiyeweza kuondoka mpaka aage.

Jumamosi hiyo ya Julai alikuwa akiliendesha kwenda Gatsata, na kwenye kiti cha nyuma alikaa mama mkwe wake, Gahongayire. Wote wawili walikuwa wamevaa mushanana, lile vazi la sherehe linalofungwa begani, kwa kuwa siku hiyo binti wa mdogo wake Gahongayire alikuwa anaposwa. Iteka, mtoto pekee wa Eustadia, alikuwa ametangulia huko kulala na binamu zake. Silvère angewafuata baadaye. Asubuhi hiyo alikuwa Gisimenti, kwenye hafla ya kuikabidhi kampuni moja ya teksi Velisa mpya kabisa, zimefungwa utepe puani.

Gahongayire alipenda kukaa nyuma. Alisema mbele kunamtia kizunguzungu. Eustadia aliamini kuwa sababu ilikuwa nyingine: nyuma hakukuhitaji mazungumzo. Mama huyo alizaliwa Bujumbura, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akalelewa huko na kurudi Rwanda akiwa mtu mzima mwenye watoto. Kiswahili chake kilikuwa cha Bujumbura, chepesi na kisicho na mapambo, nacho ndicho pekee kilichowaunganisha, maana Kinyarwanda cha Eustadia kilitosha sokoni tu. Hawakuwa wamewahi kugombana. Miaka yote waliishi kama majirani wanaosalimiana vizuri.

"Mama, nipunguze baridi?" Eustadia aliuliza walipopita Nyabugogo.

"Iko sawa, Mama Iteka. Angalia barabara."

Waliiacha barabara kuu na kuingia njia ya mawe inayopanda mlima kati ya nyumba. Ni njia nyembamba na kali. Upande mmoja kuna ukuta, upande mwingine mtaro, na chini kabisa, pale inapokunja, wanawake hutandika nyanya na vitunguu kwenye magunia. Eustadia aliwapita taratibu, mmoja akampungia mkono kwa ajili ya mavazi yao. Walikuwa wamefika karibu katikati ya mlima pale skrini ilipowaka maneno mekundu. Kabla hajamaliza kuyasoma, skrini ikazima.

Kila kitu kikazima. Feni ikanyamaza. Usukani ukawa mzito kama umemwagiwa saruji. Gari likajivuta kidogo, likasimama, likafikiri, kisha likaanza kurudi nyuma.

Eustadia alikanyaga breki, nayo ilikuwa ngumu kama jiwe. Akaikanyaga kwa miguu yote miwili, mgongo wake umebanwa kwenye kiti, mpaka akasikia matairi yakishika. Mkono wake ulikimbilia kitufe cha breki ya kuegeshea. Alikibonyeza, akakibonyeza tena. Kitufe kilikuwa kipande cha plastiki tu sasa.

"Mama Iteka, gari imekufa?"

"Imezima, Mama. Usiogope."

"Mi siogopi. Tushuke basi."

"Siwezi kutoa mguu. Nikiutoa tunarudi chini."

Gahongayire aligeuza shingo, akatazama kupitia kioo cha nyuma. Chini kulikuwa na zile nyanya, na wanawake, na mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni. Alibonyeza kitufe cha mlango wake, kisha akakibonyeza kwa nguvu zaidi, kisha akatumia kiganja chote.

"Haifunguki," alisema.

Eustadia alijaribu wa kwake, nao haukusikia. Alijaribu kushusha kioo, kioo hakikutikisika. Honi haikulia. Akapiga kioo kwa ngumi na kupiga kelele, "Jamani! Jamani, mawe! Tuwekeeni mawe!" Sauti ilimrudia mwenyewe masikioni. Velisa ilisifiwa kwa hilo: ukishafunga mlango, mji wote unabaki nje.

Aliyemwona kwanza alikuwa mwanamume mwenye ovaroli yenye madoa ya rangi, aliyekuwa akipuliza rangi bampa nje ya gereji ndogo ng'ambo ya mtaro. Aliitwa Twagirayezu, ingawa jina hilo Eustadia alilijua baadaye. Alitazama gari, akatazama uso wa dereva, akatupa bomba la rangi na kuruka mtaro. Alipogonga kioo, Eustadia alimwonyesha kwa kidole: chini, miguu yangu, nyuma. Mtu huyo akaelewa. Akapiga mluzi, wenzake wakaja mbio na mawe ya ukutani, wakayasukuma nyuma ya matairi na kuyagongelea kwa teke.

"Toa mguu polepole!" Twagirayezu alipaza sauti, mdomo wake karibu ugusane na kioo. "Polepole, madamu! Mawe iko!"

Lakini mguu ulikuwa hautaki. Nyonga zilimtetemeka, visigino vimekufa ganzi, na akili yake ilimwambia kuwa mawe yatateleza na yeye ndiye atakayesikia kelele za yule mwenye mtoto. Gahongayire aliinama mbele, akaweka mkono begani pake, pale vazi lilipofungwa.

"Toa tu. Mi naona mawe. Makubwa."

Eustadia alitoa mguu. Gari lilirudi nyuma kiasi cha kiganja, likagota, likatulia. Alifumba macho akapumua.

Ndipo alipogundua joto. Jua la adhuhuri lilikuwa limesimama juu ya paa la kioo na kuwamwagikia vichwani, na humo ndani hewa haikuwa na pa kwenda. Aliokota simu kwenye kiti cha pembeni, akampigia Silvère. Haikupokewa. Akapiga tena. Mara hii alipokea, muziki wa spika ukinguruma nyuma yake.

"Chérie, tuko katikati ya kukabidhi funguo. Nitakupigia."

"Silvère, gari limezima. Tuko mlimani, njia ya kwa mama mdogo. Milango haifunguki."

Muziki ulisogea mbali, alikuwa anatembea. "Limezima lote? Hata skrini?"

"Lote."

"Lilikuandikia kwamba betri ndogo haichajiwi?"

Eustadia hakuwa amesema lolote kuhusu betri ndogo. Hakujua hata kama kuna kubwa na ndogo. "Sikuwahi kusoma. Tutoe humu. Mama yuko nyuma, kuna joto."

"Tulia. Chini ya vitufe vya vioo kuna kifuniko cha plastiki. Kibandue kwa kucha. Ndani kuna kamba nyekundu. Ivute kwa upole, usiikwanyue."

Aliweka simu kwenye paja, sauti imefunguliwa, akabandua kifuniko. Kamba ilikuwepo. Miaka yote aliyoendesha gari hilo, hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ipo. Aliivuta kwa upole. Ikaja, ikaja, ikatoka nzima mkononi mwake kama uzi wa nguo chakavu, na mlango haukutikisika.

"Imetoka," alisema. "Iko mkononi mwangu, yote."

Alingoja mshangao wa mumewe, na haukuja. Silvère alishusha pumzi tu. "Ndiyo," alisema, kama mtu anayejisemea. "Ya upande wa pili itakuwa vivyo hivyo."

"Umejuaje?"

"Eustadia, nisikilize..."

"Umejuaje kuhusu ya upande wa pili?"

"Si wakati wake. Milango ya nyuma haina kamba, kwa hiyo usipoteze nguvu huko. Nakuja. Naondoka sasa hivi. Wako watu hapo nje?"

"Wako."

"Usiwaache wavunje kioo. Usiwaache wapige picha. Leo si siku ya hilo, unaelewa? Wenye teksi wako hapa, mkurugenzi yuko hapa. Waonyeshe kuwa mko salama, kwamba tunakuja na kifaa. Nakuomba."

Eustadia aliitazama ile kamba mkononi. Kuna jambo lilikuwa limemjia, na lilimjia zima, bila kulitafuta. Tangu Pasaka Silvère alikuwa amejitwika kumpeleka Iteka shuleni kila asubuhi kwa Corolla ya zamani ya ofisini, ile ya petroli, yenye kiti kilichochanika. Alisema anataka muda na binti yake. Eustadia aliwahadithia dada zake habari hiyo kwenye simu, kwa majivuno, kwamba mume wa namna hiyo ni wa kutafuta kwa tochi.

"Ndiyo maana ulimtoa Iteka humu," alisema.

Muziki wa Gisimenti ulisikika hafifu, na watu wakipiga makofi.

"Silvère." Sauti ilitoka kiti cha nyuma. Gahongayire alikuwa amejivuta mbele, jasho likimchuruzika kutoka kwenye nywele. "Mwanangu. Ulijua hii gari inafunga watu?"

"Mama, si hivyo. Ni kasoro ndogo. Kiwanda kilishatuma taarifa, kilisema magari yarudishwe yabadilishwe vipuri, ila vipuri havijafika. Tungeyaita moja moja, kimyakimya..."

"Mi niko ndani," mama yake alisema. "Umesikia? Mi niko ndani yake."

"Nakuja, Mama."

Simu ikakatika.

Nje watu walikuwa wameongezeka. Twagirayezu alikuwa ameshika nyundo nzito, akaielekeza kwenye kioo na kuinua nyusi: nivunje? Mkono wa Eustadia ulijiinua wenyewe, kiganja kikatazama nje: ngoja. Alijichukia wakati uleule alipokuwa akifanya hivyo, na bado hakuushusha. Alikuwa amezoea kumngoja Silvère. Silvère alijua njia za ofisi na lugha ya nchi, alijua nani wa kupigiwa simu. Tangu aolewe na kuvuka mpaka wa Rusumo, kila lililomshinda lilingoja mumewe afike, naye hufika. Twagirayezu alishusha nyundo, akatikisa kichwa, akazungumza na wenzake. Wengine walikuwa wamekwisha kutoa simu zao.

Eustadia alipanda juu ya kisanduku kilicho kati ya viti na kujipenyeza nyuma, vazi likanasa na kuchanika mahali. Gahongayire alikuwa amevua viatu. Uso wake, ambao siku zote ulikuwa mkavu na wa kujimudu, ulikuwa umevimba kwa joto, na midomo imekuwa ya kijivu. Presha yake ilikuwa inajulikana nyumbani. Dawa zake zilikuwa kwenye mkoba, lakini maji hayakuwepo.

"Mama, nilegeze hapa?" Eustadia alifungua fundo la begani, akampepea kwa mkoba. Hewa ileile ya moto ilizunguka, ikarudi.

"Alimtoa mtoto," Gahongayire alisema. "Akaniacha mi. Akakuacha wewe."

"Hakujua kama leo..."

"Usimtetee kwangu. Mi nimemzaa." Alifumba macho. Pumzi yake ilikuwa fupi, ikikwaruza. "Babangu alikuwa hivyo. Mtu mzuri sana. Akiona jambo baya anaficha mtoto wake mmoja chini ya kitanda, halafu anakaa mezani na wengine kama hakuna kitu."

Eustadia hakuwahi kumsikia akimtaja baba yake. Alitaka kuuliza, lakini kichwa cha mama kilikuwa kimelegea, kikaangukia begani pake, kizito. Alimpiga mashavuni kwa vidole. "Mama. Mama, nitazame."

Macho yalifunguka kidogo. "Usimngoje," mama alisema. "Mama Iteka, usimngoje huyo."

Hapo Eustadia aligeuka, akapiga kioo kwa viganja vyote viwili, akapaza sauti kwa kile Kinyarwanda chake cha sokoni, "Nimumene! Nimumene ikirahure!" Vunjeni, vunjeni kioo. Alichukua vazi lake jekundu la begani, akajifunika pamoja na mama, kichwa kwa kichwa.

Pigo la kwanza lilitoa mlio mkavu, na kioo kikabaki. Pigo la pili nalo likadunda. Chini ya nguo ile nyekundu Eustadia alisikia Twagirayezu akitukana kioo, akaomba nyundo nyingine, na mwanamke mmoja akisali kwa sauti. Alianza kuamini kwamba hakitavunjika, kwamba watu watasimama pale na simu zao na nyundo zao, umbali wa mkono, mpaka Silvère afike na kuwakuta. Gahongayire alimshika kiuno kwa nguvu asiyoitarajia. Kisha kioo kiliachia chote kwa mpigo, kikamwagika juu yao kama mchele kutoka kwenye gunia, na hewa ikaingia. Ilinuka vumbi na rangi ya gari. Eustadia aliimeza kwa mdomo wazi.

Mikono ilipitisha chupa ya maji. Alimnywesha mama kidogo kidogo, akammwagia mengine utosini. Walijaribu kuuvuta mlango kwa chuma, ukakataa; ilibidi mama atolewe dirishani. Alikuwa mwanamke mwenye mwili, nyonga zake mbovu, na vazi lake limefunguka. Wale wauza nyanya walikuwa wamepanda mlima wote. Bila kuambizana walifungua kanga na vitenge vyao, wakavishika juu kama ukuta kuzunguka dirisha, na mmoja wao akawafokea wenye simu mpaka wakazishusha. Nyuma ya ukuta ule wa nguo, Eustadia alisukuma kutoka ndani, Twagirayezu na mwenzake wakapokea mabega nje, na Gahongayire akatoka taratibu, akilia bila sauti kwa aibu na maumivu.

Alikuwa nusu ndani nusu nje pale Silvère alipofika akikimbia, suti ya buluu, ua la hafla bado kifuani, mkononi kifaa cha umeme chenye nyaya mbili. Alisimama. Eustadia alimwona kupitia tundu la kioo. Alikuwa mtu mwenye uso mzuri, na wakati huo uso huo haukujua ukae vipi.

"Mama," alisema, akasogea kusaidia. Mwanamke mmoja mwenye kitenge alimzuia kwa kiwiko. Hakujua ni mtoto wake.

Walimkalisha Gahongayire kwenye benchi la gereji, kivulini. Eustadia alitoka kwa dirisha lilelile, akajichana goti. Silvère alipiga magoti mbele ya mama yake na kuzungumza Kinyarwanda haraka haraka. Mama alimtazama kama anayemtambua kwa mbali. Kisha akamgeukia Eustadia. "Dawa yangu," alisema kwa Kiswahili, "iko ndani ya mkoba."

Chini mlimani magari yalikuwa yamekwama kwa sababu yao. Miongoni mwayo kulikuwa na Velisa mpya, nyeupe, ya teksi, utepe mwekundu ungali puani. Dereva wake alikuwa amepanda kuja kuona. Alikuwa Mrundi mwembamba wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, na beji mpya kifuani yenye jina Niyongabo. Alitazama kioo kilichovunjika, akatazama mlango, akamwona Silvère na uso wake ukafunguka.

"Bosi! Ni wewe umenipa funguo asubuhi." Kisha tabasamu likapungua. "Hii si kama yangu? Imekuwaje? Mi nimebeba abiria sasa hivi, mama na mapacha. Wako ndani wananingoja. Yangu iko sawa?"

Silvère alisimama. Simu ilikuwa inaita mfukoni mwake. Aliitoa, akaona jina, hakuipokea wala hakuizima, ikaendelea kutetemeka mkononi.

"Yako ni mpya," alisema. "Yako iko sawa kabisa. Hii ilikuwa na tatizo lake. Endelea na kazi."

Niyongabo alitikisa kichwa kukubali, akageuka kuondoka. Alikuwa na haraka ya mtu mwenye abiria.

Eustadia alitaka Silvère amwite. Alimtazama mumewe, akamsihi kwa macho tu, na akaona jinsi alivyokuwa amefungwa, na kwamba humo alimofungwa hamna wa kumvunjia kioo. Akisema, kazi imekwisha. Nyumba ya Busanza ni ya kazi, shule ya Iteka ni ya kazi, na kibali chake yeye mwenyewe cha kukaa nchini kinasimama juu ya mshahara wa Silvère. Yote hayo aliyajua vizuri kama alivyojua jina lake. Dereva alikuwa amekwisha kushuka hatua kadhaa.

"Kaka!" aliita. "Kaka Niyongabo, simama!"

"Eustadia," Silvère alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba."

"Watoe hao mapacha kwenye gari," Eustadia alisema. Aliipandisha sauti, ili na waliokuwa mbali wasikie. "Acha milango wazi, usiifunge. Haya magari betri yao ndogo inakufa njiani. Ikifa, milango haifunguki, breki ya kuegeshea haishiki, na kamba ya dharura inakatika mkononi. Kiwanda kimeyaita yarudi, na yako mpya nayo ni hivyo hivyo. Muulize. Mume wangu huyu. Muulize kama nasema uongo."

Watu wote walimgeukia Silvère. Niyongabo alisema tu, "Bosi?"

Silvère alifungua mdomo. Alimtazama mama yake kwenye benchi, naye hakumsaidia. "Ni kweli," alisema mwishowe, na ilikuwa kama kikohozi. "Usilipande tena. Waambie na wenzako."

Niyongabo alianza kukimbia kushuka mlima, akipiga kelele kwa Kirundi. Zile simu zilizoshushwa zilikuwa zimeinuliwa tena.

Picha zilifika Gisimenti kabla hafla haijaisha. Velisa za teksi ziliegeshwa zote jioni ileile, na wiki iliyofuata kampuni ikawaita wenye magari wote hadharani. Ilitoa pia maelezo: kwamba afisa mmoja alipokea taarifa ya kiwanda na hakuwafikishia wateja, na kwamba afisa huyo hayupo tena kazini. Mkurugenzi aliyeamua mambo yafanywe kimyakimya alionekana kwenye televisheni akiomba radhi kwa huzuni kubwa. Silvère aliyatazama maelezo hayo akiwa amesimama, rimoti mkononi, na hakubishana na televisheni hata neno moja.

"Umeniua," alimwambia Eustadia usiku wa Jumamosi ile. Hakulirudia tena. Lilibaki tu ndani ya nyumba, wakilizunguka wakipishana mlangoni na jikoni. Gahongayire alipona. Alikula chakula alichopikiwa, akasali rozari yake, na mwanawe alipomwuliza hali alimjibu kwa upole, bila kumwangalia. Barua za Silvère za kuomba kazi zilitumwa, majibu hayakuja; jina lake lilikuwa limejulikana kwa jambo moja tu. Eustadia alihesabu moyoni miezi iliyobaki kwenye kibali chake, kisha akaacha kuhesabu.

Alasiri moja ya Agosti walikuwa uani wawili tu, yeye anachambua maharage kwenye ungo, Silvère kakaa kwenye ngazi.

"Ungekuwa mimi," Silvère alisema, "ungefanyaje? Niambie kweli. Mkurugenzi kakuambia nyamaza, vipuri hakuna, na una mke na mtoto na mama."

Eustadia alikumbuka kiganja chake mwenyewe kikiwaambia watu wa nyundo wangoje, wakati mama anazimia nyuma yake. Alichagua jiwe, akalitupa.

"Ningekuambia wewe," alisema. "Pengine nisingethubutu kuwaambia wengine. Lakini wewe ningekuambia, tukaogopa wote wawili."

Silvère aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo, mikono ikining'inia kati ya magoti, na Eustadia hakumwambia ainuke wala aondoke. Ndani, Iteka alikuwa akiita kutoka bafuni kwamba hana taulo. Wote wawili walisikia. Eustadia aliweka ungo chini, lakini Silvère alikuwa amekwisha kusimama, akapita mbele yake, akaenda kulichukua.